Mrejesho: flashi ya Windows 11 imewaka, SSD (diski ya laptop) nayo imeonekana

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kunakili faili za ISO (faili moja yenye Windows nzima) ya Windows 11 kwenye flashi ya GB 16 kunagomea kwenye install.wim, faili kubwa yenye Windows yenyewe. Aliyesema tatizo ni FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi faili kwenye flashi) alilenga penyewe: haipokei faili moja inayofika GB 4.

Nilinakili vyote isipokuwa hiyo install.wim, nikaigawa vipande kwa Command Prompt ya admin (D ni ISO iliyofunguliwa, E ni flashi, 3800 ni MB za kila kipande):

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Laptop ikawaka kwa flashi bila kuzima Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka). Setup (programu ya kusakinisha Windows) inavitambua vipande hivyo vya .swm yenyewe.

Ila ilipofika kuchagua diski, orodha ilikuwa tupu. Laptop ni Intel kizazi cha 11, na VMD (mfumo wa Intel wa kusimamia SSD) imewashwa, kwa hiyo Setup haikuiona diski bila draiva yake. Pakueni draiva (programu inayowezesha Windows kutambua kifaa) ya Intel RST, ambayo ndiyo ya VMD, muifungue mpaka muone faili za .inf (ile .exe haisaidii hapo), muiweke kwenye flashi, kisha mbonyeze Load driver kwenye skrini hiyo ya kuchagua diski. SSD ikatokea palepale.

Wi-Fi bado haifanyi kazi, na ushauri mlionipa kuihusu haujafua dafu: draiva yake imekataa, kwa sasa natumia intaneti ya simu kwa waya wa USB.