Samba: wazazi waandike, watoto wasome tu

Wakuu, deskitopu yangu ya zamani yenye Ubuntu (mfumo wa Linux) nimeigeuza seva ya nyumbani kwa Samba, programu ya kushirikisha folda kwenye mtandao. Folda ya picha iko /srv/picha. Mama watoto akiweka faili, mimi nalifungua ila kulihariri linagoma. Watoto nataka wasome tu.

— Mkuu, unda kundi "wazazi", muingie wote wawili. Kisha piga amri hizi za kubadili kundi na ruhusa za folda:
chgrp -R wazazi /srv/picha
chmod 2775 /srv/picha
Hiyo 2 ya mbele ndiyo inafanya faili jipya lirithi kundi la folda. Kwenye smb.conf (faili la mipangilio ya Samba):
read only = yes
write list = @wazazi
create mask = 0664
directory mask = 2775

— Na kila mtu apigiwe amri ya smbpasswd -a ili apate nywila. Samba ina nywila zake, haisomi zile za Ubuntu. Atakayekushauri chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) mpuuze, humu hawakosekani.

— Shukrani wakuu, mapya yamekubali. Ya zamani bado yanagoma.

— Hayo piga chmod -R g+w /srv/picha, kundi lipate ruhusa ya kuandika, mkuu.