Tupeane uzoefu: Uliwahi kusafiri na rafiki aliyefiwa, mkawa mnakula pamoja mezani? Ilikuwaje?

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina wiki moja na ushee kabla ya safari. Shoga yangu wa tangu shule amefiwa na mumewe, huu ni mwezi wa nne. Safari hii tuliipanga watatu, yeye, mumewe na mimi, kabla ya msiba, na mimi nilishajua moyoni kwamba imekufa. Juzi kanipigia, hata salamu hakutoa: "Tunaenda au hatuendi?" Nikasema tunaenda. Tangu hapo usingizi wangu wa mang'amung'amu.

Kwake nyumbani najua la kufanya. Naosha vyombo, nacheza na mtoto, nakaa kidogo, narudi kwangu. Safarini hakuna vyombo vya kuosha. Siku nne tutakuwa tunatazamana tu, asubuhi mezani, jioni mezani.

Waliopitia haya, upande wowote, naomba mseme. "Mpe muda" nimeshaambiwa na kila mtu. Nataka kujua ulifanya nini pale rafiki yako alipoanza kulia na mhudumu kasimama na kidaftari chake anasubiri.

#2

Mfiwa nilikuwa mimi, nilifiwa na mama. Marafiki wawili wakanichukua "nibadilishe hewa". Watu wazuri sana, hadi leo nawashukuru, lakini ile ratiba! Alfajiri tuko njiani, saa nne tuko hapa, saa sita kule, jioni tena kule. Walijua nikitulia tu nitakumbuka. Kumbe nilikuwa nakumbuka hivyo hivyo huku natembea.

Siku ya pili nikajifungia bafuni, nikafungua maji yamwagike, nikalia dakika kumi. Hiyo ndiyo iliyokuwa likizo yangu. Mmoja wao nadhani aliona macho yangu nilipotoka, maana asubuhi ya tatu alimwambia mwenzake atangulie. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akafungua kitabu, hakunisemesha. Nililala mpaka saa saba mchana. Nilikuwa sijalala hivyo tangu mazishi.

Kama mfuko unaruhusu, chukueni vyumba viwili. Si kwamba hakutaki. Anahitaji mahali pa kulia bila kuwaza kwamba atakuharibia safari.

#3

Mimi nitasema ya mezani tu, nimeyafanyia mazoezi. Rafiki yangu alifiwa na pacha wake. Mara ya kwanza kutoka kwenda kula, tumekaa wawili kwenye meza ya watu wanne. Mhudumu akauliza kwa ukarimu kabisa, "Mnamsubiri mwenzenu?" Rafiki yangu akajibu, "Hapana. Haji." Basi yule kijana akaanza kuondoa sahani na vijiko vya viti vilivyobaki, kimoja kimoja, vinagongana. Hakuna aliyekosea hapo. Lakini chakula hatukukila.

Toka siku ile napiga simu kabla. Naomba meza ya watu wawili, pembeni, isiwe mbali na mlango. Nauliza kama kuna sherehe ya siku ya kuzaliwa imewekwa usiku huo, maana wimbo ule ukianza karibu na mtu aliyefiwa hujui utaishia wapi. Tukifika, kiti kinachotazama ukuta nampa yeye, mimi nachukua kinachotazama watu. Akilia, anaonwa na mimi na ukuta. Na bili nailipa mapema, chakula kikishaletwa tu, ili tukitaka kuinuka tuinuke.

Hatukuwahi kuinuka hata siku moja. Alikuja kuniambia baadaye kwamba kujua tunaweza kuondoka wakati wowote ndiko kulikomfanya aweze kukaa.

#4

#3 laiti ningekusoma mapema. Mimi nilimpa wangu kiti cha kutazama watu, nikidhani atachangamka. Mbele yake walikaa mzee na mkewe wanamegeana chakula cha sahani moja. Saa nzima.

#5

Niko kwenye uuguzi, niruhusuni niseme ya mwilini kidogo.

Huzuni ya msiba inakaa na tumboni pia. Mwili unamwaga homoni zile zile unazozimwaga ukiwa hatarini, tumbo linakuwa zito, hamu ya kula inakata, au mtu anakula bila kusikia ladha. Kwa hiyo usihesabu vijiko vyake. Agiza vitu vidogo vidogo viwekwe katikati ya meza, mle wote humo. Hapo haonekani amekula kiasi gani na hakuna sahani iliyojaa inayomtazama. Maji yawe karibu. Pombe ningeipunguza, inaleta usingizi kisha inauvunja usiku wa manane, na usiku wa manane ndio mbaya kwake.

Kama mnapanda ndege, hewa ya mle ndani imepunguzwa mgandamizo, ni kama umepanda mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, tena ni kavu mno. Hata asiye na msiba chakula chake kinapungua ladha. Akisukuma trei pembeni, usianze kuwaza kwamba hali yake imezidi.

Moja msilichukulie kwa wepesi. Akisema kifua kinambana au pumzi haiji, mpeleke hospitali, usimwambie "ni mawazo tu". Upo ugonjwa wa moyo unaoletwa na mshtuko mkubwa, na kufiwa ni mojawapo ya vinavyouchochea, hasa kwa wanawake waliokwisha koma hedhi. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990 wakauita takotsubo, chungu cha kunasia pweza, kwa sababu chemba ya moyo huvimba chini na kubana juu kama chungu hicho. Kwa dalili hauna tofauti na shambulio la moyo, vipimo ndivyo vinavyotenganisha. Wengi hupona ndani ya wiki chache, lakini lazima waonwe.

#6

Nyie mnaogopa meza. Sisi kilichotuangusha ni fomu.

Mapokezi ya hoteli, karatasi ya kawaida: jina, namba ya simu, hali ya ndoa. Hapo kwenye hali ya ndoa akaganda na kalamu hewani. Akaruka. Chini kidogo: mtu wa kuwasiliana naye ikitokea dharura. Mkono wenyewe ukaandika namba ya mumewe, yote, bila kutazama simu. Akaiona alipoimaliza.

Sikuwa na la kusema la maana. Nilisema tu, "Ikate, andika yangu." Akaikata mstari mmoja mwembamba, unaosomeka.

Kwa hiyo dada #1, safari yenu iliandikwa watatu. Kabla hamjatoka piga simu wewe mwenyewe, hakikisha jina la marehemu limetolewa kwenye chumba na kwenye nafasi zote za usafiri, msifike mkaulizwa "na bwana yuko wapi?" Uliza vitanda vikoje pia. Nauli ya marehemu wako wanaoirudisha ukionyesha cheti cha kifo, masharti hutofautiana, lakini simu hiyo isipigwe na mjane. Na hati zake za kusafiria zishike wewe. Wangu alikuwa mtu makini kuliko mimi, na safari ile aliacha pasi kwenye trei ya ukaguzi mara mbili.

#7

Mimi nilimkera rafiki yangu kwa neno moja la furaha, nalisimulia hapa kama onyo.

Siku ya pili tuliogelea, akacheka kile kicheko chake cha zamani. Nikamwambia, "Nafurahi umerudi." Akanyamaza. Mezani usiku akasema, "Sijaenda popote. Na baba yangu ndiye hajarudi." Maskini mimi, nilikuwa na hesabu kichwani za zile hatua tano za huzuni: amekataa, amekasirika, sasa ataanza kukubali. Baadaye nikasoma kwamba hatua zile alizozieleza daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Watu wakaja kuzigeuza ngazi ya kumpandishia mfiwa.

Kilichonisaidia ni maelezo ya wanasaikolojia Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Wanasema mfiwa huenda na kurudi. Saa hii yuko kwenye msiba, saa ijayo yuko kwenye maisha yanayoendelea, kisha anarudi tena, na huko kuyumba ndiko kunakombeba. Nilipolielewa hilo niliacha kushangilia akicheka na kuogopa akilia. Akicheka nacheka naye. Akilia saa tisa ya siku hiyo hiyo, mchana wetu haujaharibika.

#8

Naongezea moja ambalo ni aibu yangu. Marehemu alikuwa rafiki yangu pia. Usiku wa kwanza nilianza mimi kumtaja, nikaanza mimi kulia, na mjane wake akahama upande wa pili wa meza kuja kunibembeleza. Siku zote zilizobaki alikuwa ananichunga. Ananiuliza nimelala vipi!

Mwaka 2013 mwanasaikolojia Susan Silk na mwenzake Barry Goldman waliandika gazetini Marekani kuhusu kuchora duara. Katikati anakaa mwenye msiba, wanaomfuata wanakaa pete inayofuata, hivyo hivyo kwenda nje. Faraja inaelekezwa ndani, malalamiko na machozi ya kuelemewa yanapelekwa nje. Haina maana usilie mbele yake, hapana, kulia pamoja kuna raha yake. Ila ule mzigo wa "sijui nitaishije bila yeye" mpelekee mtu mwingine. #1, huyo mume ulimfahamu, na safari mliipanga naye. Tafuta kabla hujaondoka mtu wa kumpigia ukiwa umejifungia bafuni kama yule wa #2.

#9

Napingana kidogo na kulipa bili kimya kimya. Sisi tulimlipia rafiki yetu kila kitu, kila mlo. Siku ya tatu akatoa pochi tukamzuia, akatoa tena tukamzuia. Akaweka hela mezani, akasema: "Nimefiwa. Sijafilisika."

Mwache alipe. Mwache achague njia pia, hata kama mtapotea.

#10

Hakuna aliyetaja zawadi. Siku ya mwisho ya safari yetu, rafiki yangu kanunua zawadi, anahesabu kwa vidole: ya dada, ya mtoto, ya mama. Mama ndiye tuliyemzika. Alishikilia ile kanga mpya ya mama yake dukani, muuzaji anauliza afunge au asifunge. Nilimwambia muuzaji funga. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema, lakini najua anaivaa.

#11

#10 umeniliza niko kwenye basi.

#12

Swali dogo kwa wenye uzoefu: marehemu atajwe au asitajwe? Nilikaa siku tano nakwepa jina.

#13

#12, tajeni. Jina likikwepwa mezani kila mtu analisikia. Sema kama ungesema zamani, "hapa angeshaanza kugombana na bei," kisha kula. Akitaka kuendelea ataendelea. Asipotaka utaona, geuza maneno. Kinachochosha ni yule anayetaja halafu anakutazama usoni kuona umelia au hujalia.

#14 (mwanzisha uzi)

Tumerudi. Asanteni sana, niliusoma uzi huu kwenye kila kituo.

Nilipiga simu hotelini na ni kweli, jina la marehemu lilikuwepo bado, wakalitoa. Pasi zote mbili zilikaa kwangu. Vyumba viwili. Ukuta sikuupata, tuliishia kukaa nje upepo unatupiga, mimi nimekaa upande wa njia. Bili tulipokezana, mchana mimi, usiku yeye.

Siku mbili za kwanza hakulia kabisa, nikaanza kuogopa hilo. Usiku wa tatu tumeshika karatasi za vyakula, na mhudumu kasimama pale pale kama nilivyomwota, kidaftari mkononi. Akaanza. Nilimwambia mhudumu atupe dakika tano, akaondoka bila neno, na mimi nikasogeza maji nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi, wakuu. Mdomo ulikuwa umejaa "jikaze".

Akiwa bado kafunika uso na kitambaa cha meza akasema kwa chini, "Agiza kile alichokuwa anakichukia." Nikajua kabisa ni kipi, maana tulimcheka nacho miaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukionja. Mhudumu aliporudi nikaagiza, cha kula wawili.

Marehemu alikuwa na haki. Hakiliki.