Mtoa huduma wa intaneti kafunga poti 25 kimyakimya, halafu ananiambia nizime ruta niwashe!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu. Kwa wasiojua, poti ni kama mlango wenye namba ambao data hupitia, na 25 ndio mlango wa zamani wa kutolea barua pepe.

Siku tisa nimehangaika na barua pepe zilizolala kwenye kikasha toezi (outbox). Zinaingia, hazitoki. Na hapo ndipo nilipochelewa kushtuka, maana kila nikifungua kompyuta naona barua mpya za watu zimejaa, tovuti zinafunguka, video zinacheza bila kukwama. Nani angewaza kwamba tatizo ni laini ya nyumbani? Mimi nafanya hesabu za watu nikiwa nyumbani, na mwisho wa mwezi natuma ripoti kwa wateja kumi na mmoja. Siku ya tatu mmoja akanipigia: "Ndugu, vipi ripoti, au umetususa?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba nimeshatuma. Nafungua programu nimtajie na saa niliyotuma, nakuta ripoti yake na za wenzake kumi zimepangana palepale nilipoziacha, na chini kabisa kimaandishi kidogo: "Inaunganisha na seva..." Kinazunguka dakika nzima, kinakata tamaa, kinaanza upya. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi nikapiga huduma kwa wateja. Nawawekea mazungumzo jinsi yalivyokuwa, ili msiseme natia chumvi.

"Mpendwa mteja, naomba uzime ruta, usubiri sekunde thelathini, kisha uwashe."
"Dada, hilo nimeshafanya mara mbili kabla sijakupigia."
"Naomba urudie nikiwa hewani."
Nikarudia.
"Taa ya intaneti imewaka kijani?"
"Imewaka. Ilikuwa imewaka toka mwanzo. Shida ni barua pepe hazitoki."
"Basi kwa upande wetu huduma iko sawa. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

Lingine lipi tena, jamani, na hilo la kwanza bado lipo?

Simu ya pili, mtu mwingine, ruta ileile. Ya tatu wakanishauri nibonyeze kile kitundu cha nyuma kwa sindano, niirudishe ilivyotoka kiwandani. Nikakubali, ujinga wangu. Jina la Wi-Fi likafutika, neno la siri likafutika, simu zote za nyumbani zikakatika, na mimi nikageuka mhalifu mbele ya familia yangu usiku mzima. Barua pepe? Palepale.

Siku ya tano nikaacha kuwasikiliza nikaanza kufikiri mwenyewe. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaunganisha kompyuta ileile, programu ileile, mipangilio ileile sijagusa herufi. Ripoti zote kumi na moja zikaondoka kabla sijamaliza kukaa vizuri kwenye kiti. Nikarudi kwenye Wi-Fi ya nyumbani, nikajitumia barua ya majaribio. Ikakwama. Hapo nikajua kompyuta yangu ni nzima, neno la siri ni sahihi, seva ya barua iko hai. Mchawi yuko kwenye laini.

Nikafungua ile dirisha nyeusi ya kuandikia amri, nikaandika telnet (amri ya kujaribu kama poti inajibu), jina la seva yangu ya barua, na namba 25. Kimya. Mshale unapepesa tu, hakuna jibu wala kukataliwa, mpaka muda wa kusubiri ukaisha. Nikabadilisha namba tu, nikaweka 587, poti nyingine ya kutolea barua. Papo hapo seva ikanisalimia kwa mstari unaoanza na 220. Seva ileile, laini ileile, sekunde chache baadaye! Kwa wasiojua: seva ikikukataa yenyewe inakujibu, hata kama ni jibu la matusi. Ukiona kimya cha namna ile kwenye poti moja na poti ya jirani yake inajibu, mara nyingi ujue kuna mtu katikati anameza pakiti zako, yaani vile vipande vya data unavyotuma. (Ukijaribu 465, nayo ni poti ya kutolea barua, kwa telnet utaona imeunganisha lakini hakuna salamu, usiogope, ile inataka usimbaji fiche kwanza ndipo iongee.)

Nikapiga simu ya nne nikiwa na ushahidi. Nikasema neno moja tu, "poti 25", nikahamishiwa kwa fundi. Fundi mwenyewe hata hakubabaika: "Ah, hiyo tumeifunga kwa wateja wote wa majumbani kaka, tangu maboresho ya mwezi uliopita." Anaongea kama mtu anayekutajia hali ya hewa. Yaani wanajua! Wamenizungusha siku zote hizo na ruta yao, na jibu lilikuwa limekaa kwenye meza ya pili kutoka kwa yule dada!

Wala danadana haikuishia hapo. Fundi akanipa dawa yake: nitumie seva yao ya kutoa barua, niweke anwani yangu ya kawaida ya kazini, haihitaji neno la siri kwa kuwa nipo kwenye mtandao wao. Nikaweka, barua zikaondoka, nikamshukuru kwa dhati. Kesho yake wateja wawili wanasema hawajaona kitu. Tumetafuta, tukazikuta zimetupwa kwenye barua taka. Nikamwomba mmoja anitumie vichwa kamili vya ile barua (yale maelezo yaliyofichwa ya ilikopitia), na mle ndani nikaona SPF, ukaguzi wa kama seva iliyotuma inaruhusiwa, imefeli. Ni haki yake kufeli. Kikoa changu (lile jina linalokuja baada ya @) kimetangaza kwenye DNS, daftari la majina la intaneti, ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lake, na seva ya hawa jamaa haimo. Kwa macho ya seva ya mteja, mimi ni tapeli ninayejifanya mimi. Fundi wa mtandao anayempa mtu mwenye kikoa chake ushauri huo bila kumtahadharisha anastahili kukalishwa chini.

Kilichonitoa ni poti 587, ambayo ningeambiwa simu ya kwanza tungekuwa tumeshasahauliana. Na hata hapo nikajikwaa, kwa hiyo nawaandikia mjifunze kwangu. Nilibadilisha namba na kwenye sehemu ya usalama nikachagua SSL/TLS (usimbaji fiche tangu mwanzo), ikagoma. 587 mara nyingi inataka STARTTLS, yaani inaanza kuongea wazi halafu ndiyo inajifunika. SSL/TLS ya moja kwa moja ni ya 465. Ukichanganya namba ya huyu na usalama wa yule, programu inaning'inia au inakupa erori isiyoeleweka. Nikarekebisha, nikakutana na 535. Nikafurahi! Msinicheke, 535 maana yake umefika mlangoni na seva inakukatalia jina au neno la siri, kwa hiyo njia iko wazi. Kumbe nilipokuwa naweka ile seva ya fundi nilizima sehemu ya uthibitishaji, na nilipoirudisha nikaandika jina la mtumiaji bila kile kipande cha @ na kikoa. Nikaandika anwani nzima. Barua ikaondoka. Ukiona 550 yenye maneno ya kukataa kupitisha barua, shida kwa kawaida ni ndugu yake huyo: hujathibitisha kabisa, na seva haikubali kumbebea mzigo mtu isiyemjua. Na kama akaunti yako ina uthibitishaji wa hatua mbili, neno la siri la kawaida linaweza lisipite kabisa. Unatengeneza neno la siri la programu kwenye akaunti yako, unaweka hilo.

Sasa kuna wajuaji watakuja hapa chini kuniambia kufunga poti 25 ni jambo la kawaida. NAJUA. Nimesoma siku hizi tisa kuliko nilivyosoma shuleni. SMTP, ile kanuni ya kutuma barua pepe, ya mwaka 1982 haikuwa na suala la kuthibitisha nani anatuma, kila mtu aliaminiwa. Kompyuta za majumbani zikiambukizwa zinamwaga barua taka moja kwa moja kwenye seva za watu kupitia 25, na mwenye kompyuta hana habari. Ndiyo maana watoa huduma wengi duniani wanaifunga kwa majumbani, na ndiyo maana poti 587 ilitengwa kwa ajili ya watu kama sisi kukabidhi barua zetu, tangu 1998. Hata 465, iliyokuwa imefutwa, ilirudishwa rasmi 2018. Na hata ungefunguliwa 25 ukatuma moja kwa moja, anwani nyingi za IP za majumbani zimo kwenye orodha kama ile PBL ya Spamhaus (shirika linalopambana na barua taka), ya anwani zisizotakiwa kutuma barua moja kwa moja, seva nyingi zitakufungia mlango. Kwa hiyo siwapingi kuifunga. Na kosa langu lipo: nimekaa na 25 miaka yote kwa sababu ilikuwa inafanya kazi, na kitu kikifanya kazi sikigusi.

Ninachowapinga ni kimya. Hawa watu wana namba yangu ya simu na anwani yangu. Kila wiki wananiletea ujumbe wa ofa, mara ongeza kasi, mara mlete rafiki. Ujumbe mmoja wa mistari miwili, "tunafunga poti 25 tarehe fulani, hamieni 587", ungewashinda nini? Hata kama hawakutaka kunisumbua mimi, wangewaambia basi watu wao wanaopokea simu! Yule dada simlaumu sana, alikuwa anasoma karatasi aliyopewa, na kwenye karatasi hiyo barua pepe haipo, ipo ruta. Nawalaumu waliomwandikia.

Na kilichonipandisha kabisa: ukurasa wao wa maelekezo, ule wenye picha za jinsi ya kuweka barua pepe, mpaka leo asubuhi unasema seva ya kutoa, poti 25, usalama: hakuna. Wamefunga mlango na kibao cha "ingia hapa" bado wamekiacha kinaning'inia.

MREJESHO: Wamenitumia ujumbe kwamba tiketi yangu "imetatuliwa" na wananiomba niwape nyota. Nimewapa moja, kwa sababu sifuri haipo. Kwenye nafasi ya maoni nimeandika kiungo cha ule ukurasa wao na neno moja, "rekebisheni".

Kimebaki kitu kimoja naomba msaada wa wajuzi. Nina skana ya zamani inayotuma nakala zenyewe kwa barua pepe. Kwenye mipangilio yake namba ya poti inabadilika vizuri, lakini usalama ina SSL ya kale tu na seva yangu haiikubali tena. Nimesikia mtu anaweza kuweka kijiprogramu kwenye kompyuta ya ndani kikapokea barua kutoka kwa skana kisha kikaipeleka nje kwa 587 na STARTTLS. Aliyewahi kufanya hivyo aniambie ametumia nini, na kama kompyuta ni lazima iwe imewashwa muda wote. Atakayeniambia nizime skana na kuiwasha, tutagombana.