Naombeni ushauri: tuko Berlin Ijumaa mpaka Jumatatu, makumbusho gani tusikose?

Mwalimu wa Kusini

Habarini wakuu, shikamooni wakubwa zangu wote humu.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari moja huku mkoa wa Lindi. Shule yetu ina urafiki na shule ya Ujerumani na mwezi wa tano tunaenda walimu wawili, visa zimeshatoka namshukuru Mungu. Wenyeji wetu wapo mji mwingine ila wametukubalia tumalizie safari Berlin, tunaingia Ijumaa mchana na ndege ni Jumatatu usiku, malazi wamelipia wao ila viingilio na nauli za mjini ni mfukoni kwetu na mnajua mishahara yetu ilivyo.

Sasa nimeanza kusoma mtandaoni nimechanganyikiwa, kuna kisiwa kizima cha makumbusho, kuna geti la Brandenburg, kuna ukuta, kuna bunge lao lenye kuba la kioo, kila mtu anasema hiki usikose. Ninachotaka kwa moyo wote ni kumuona yule mjusi wetu wa Tendaguru, yule dainosa mkubwa, maana kila nikifundisha ukoloni wa Mjerumani lazima kuna mwanafunzi atauliza, mwalimu wewe umewahi kumuona? Na wengine wanatoka vijiji vya karibu kabisa na pale alipochimbwa. Baada ya hapo nataka sehemu zitakazonisaidia darasani. Nianze wapi, nini nikate tiketi mapema, nini bure, na nini ni kupoteza muda? Asanteni.

Mkazi wa Wedding

Karibu sana mwalimu. Mimi naishi hapa Berlin, ngoja nianze na yale yanayowakwamisha wageni wengi.

Kubwa kuliko yote ni Jumatatu. Makumbusho mengi yanafungwa siku hiyo, ikiwemo ya mjusi wako (linaitwa Museum für Naturkunde, lipo Invalidenstraße, treni ya chini U6 unashuka kituo kinaitwa Naturkundemuseum) na yale ya kwenye kisiwa pia. Kwahiyo mjusi nendeni Jumamosi asubuhi mapema kabla familia zenye watoto hazijajaa, msimwache Jumatatu hata kidogo.

La pili, Pergamonmuseum imefungwa yote kwa ukarabati tangu Oktoba 2023. Sehemu yenye ile madhabahu kubwa ya Kigiriki wamepanga kuifungua 2027, na upande wenye lango la Ishtar la Babeli wanasema mpaka 2037. Kuna blogu nyingi za zamani bado zinawaambia watu wakapange foleni pale. Hizo hizo blogu zitakwambia Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ni bure, huo utaratibu ulikufa mwisho wa 2024 baada ya jiji kubana matumizi.

La tatu, bunge. Kuba la Reichstag ni bure kabisa lakini lazima ujiandikishe kwenye tovuti ya Bundestag, wanataka majina na tarehe za kuzaliwa za wote wawili, na mlangoni wanaangalia pasipoti halisi, kopi hawataki. Jiandikisheni wiki kadhaa kabla, nafasi zinaisha. Chagueni jioni, wako wazi mpaka usiku, mji wote unauona taa zimewaka. Lile kuba alilichora Norman Foster likakamilika 1999 na ukiwa juu unaona chini kabisa kwenye ukumbi wa wabunge, maana yake wananchi wanakaa juu ya wawakilishi wao. Hilo peke yake ni somo zima la uraia.

Babu wa Kilwa

Marahaba mwalimu. Umenigusa.

Nakuomba kabla hujaingia kule ujiandae, usiingie tu kama mtalii wa kawaida. Yule mjusi wanamwita Giraffatitan brancai, zamani alikuwa Brachiosaurus, ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu na ndiyo mifupa ya dainosa mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Walimsimamisha 1937. Uchimbaji ulikuwa 1909 mpaka 1913, wakubwa wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, hao majina yao utayakuta kila mahali. Wewe mtafute Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ndiye aliyekuwa na jicho la kuujua mfupa ndani ya udongo na mikono ya kuutoa bila kuuvunja. Wanasayansi wenyewe mwaka 2007 walimpa dainosa mwingine wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii.

Alafu wafundishe wanafunzi wako mwaka 1909 ni mwaka gani. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 vikaisha 1907, kusini yote ilikuwa imechomewa mashamba na njaa imeua watu kuliko risasi. Ni miaka miwili tu imepita ndipo mamia ya vibarua wanabeba mawe yale vichwani na mabegani kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, karibu kilomita 60 kwa miguu, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Wake zao na watoto walikuwa nao kambini. Ukisimama chini ya yale mapaja ya mjusi hesabu mabega ya watu, siyo mita.

Mpingo

Mimi nitapishana na wenzangu kidogo na nasema kwa heshima. Kwanini tulipe kiingilio kumuangalia wa kwetu? Hoja ya mjusi imesemwa bungeni Dodoma miaka nenda rudi na kila mara jibu linakuja ni gharama, ni utaalamu, jengo hatuna, huku wenzetu wanauza tiketi kila siku. Nikienda Berlin ile hela ningeila chakula. Na sio mjusi tu, kuna mafuvu ya babu zetu kwenye makabati ya kule. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900 na ukoo wake mpaka leo wanatafuta kichwa chake, na watu wa Songea wanamtafuta wa Nduna Songea Mbano. Hayo sio makumbusho kwangu mimi.

Mkazi wa Wedding

Mpingo ndugu yangu hasira yako naielewa na wengi wetu tunaoishi huku tunayo. Ila mwalimu akiacha kwenda, wanafunzi wake watabaki na picha za vitabuni zilizopigwa na Wajerumani wenyewe. Mtu anayedai lazima ajue anachodai kimekaaje, kimeandikwa nini pembeni, nani katajwa nani kaachwa. Na kelele zimeanza kuzaa kitu, 2023 uchunguzi wa vinasaba hapa Berlin uliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro, na Novemba mwaka huo huo rais wao Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha. Haitoshi, lakini hayo yote yametokana na watu waliokuja, wakauliza, wakaandika barua.

Otieno wa Lang'ata

Niaje mwalimu, nilisoma hapo Berlin so wacha niongeze zenye ziko bure, na kwa maoni yangu ndizo muhimu.

Nenda Wilhelmstraße 92. Hapo ndipo palikuwa na nyumba ya kansela Bismarck, ule mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulikaa hapo kuanzia 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885, nchi 14 na hakuna Mwafrika hata mmoja mezani. Jengo lenyewe halipo, kuna bango tu la maelezo na maghorofa ya kawaida ya watu kuishi, watu wanapita na mboga zao. Wewe unafundisha Berlin Conference kila mwaka, sasa simama hapo na uwapigie video. Ukitembea dakika chache unafika stesheni ya U-Bahn ya Anton-Wilhelm-Amo-Straße, hiyo barabara ilikuwa na jina la kuwadharau watu weusi kwa miaka mingi sana mpaka Agosti 2025 ndio ikapewa jina la huyo mwanafalsafa aliyezaliwa Ghana.

Halafu panda U6 uende Wedding kwa huyo mkazi, mtaa wao unaitwa Afrikanisches Viertel, kuna Sansibarstraße, kuna Ugandastraße, na tangu 2024 kuna Maji-Maji-Allee. Hiyo ilikuwa Petersallee, ya Carl Peters, yule mlimwita Mkono wa Damu. Na Neukölln karibu na Hermannplatz iko Lucy-Lameck-Straße, kabla ya 2021 ilikuwa ya Wissmann, mwenye alimmaliza Abushiri huko Pangani 1889. Kibao cha mtaa na jina la mama wa Moshi! Mimi hiyo picha ningeibandika ukutani darasani.

Bint Shangani

Assalaam aleikum mwalimu wangu. Mimi niko Hamburg ila Berlin nakuja khasa kwa ajili ya kitu kimoja nacho ni kidogo kama kiganja. Brunnenstraße 193, angalia chini kwenye njia ya miguu utaona kijiwe cha shaba kimeandikwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Ndiye huyo huyo Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akaingia askari wa Mjerumani angali mtoto, akaja Berlin 1929 kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake ambao haukulipwa, akabaki, akaoa, akawa anafundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza kwenye filamu. Wanazi wakamkamata 1941 na akafa kambi ya Sachsenhausen 24 Novemba 1944.

Vijiwe hivi viko vingi sana mji mzima, kila kimoja ni mtu aliyetolewa mlangoni kwake. Hakina kiingilio wala saa ya kufunga. Mimi nikifika humsomea Fatiha nikaondoka. Kama mtaweza kwenda Sachsenhausen yenyewe ni bure pia, treni ya S1 mpaka Oranienburg kisha mguu kama dakika ishirini, ila itakula nusu siku na moyo utakuwa mzito, usipange sherehe jioni yake.

Mwalimu wa Kusini

Kwakweli nimesoma nimetulia kimya. Huyu Husen sikuwahi kumfundisha, na nimemaliza chuo cha ualimu miaka mingi. Asante dada, asante babu, na kaka Mpingo nimekusikia, nitaenda ila nitaenda na maneno yako.

Kilichobaki, mwenzangu anafundisha sanaa na anaitaka sana ile sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale. Ni sawa kulipia? Na ukuta tuuone wapi, maana naona sehemu tatu nne tofauti. Na usafiri wa mjini ukoje?

Mkazi wa Wedding

Nefertiti yupo Neues Museum, sanamu ya kichwa chake ilichimbwa Amarna Misri 1912 na Wamisri nao wanamdai. Ni mzuri kuliko picha zote, mwambie mwalimu wa sanaa akae naye kwa muda kwasababu ndani ya kile chumba picha hairuhusiwi, mlinzi anasimama pale. Kateni tiketi ya saa maalum mtandaoni. Mkiona mtaingia zaidi ya matatu kuna Museum Pass ya siku tatu mfululizo, piga hesabu kwanza, kama ni mjusi na Nefertiti tu lipieni moja moja.

Ukuta nendeni Bernauer Straße. Pale ndiyo unaelewa, kuna kipande kimebakizwa kama kilivyokuwa, ukuta wa mbele, ule uwanja wa kuulia watu katikati, ukuta wa nyuma, na mnara wa walinzi, bure kabisa. Na Brunnenstraße inakatiza hapo hapo, kwahiyo kile kijiwe cha mzee wetu Husen mtakifikia kwa kutembea. East Side Gallery ni kilomita 1.3 ya ukuta wenye michoro, nzuri kwa picha, kama muda upo. Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvuka mpaka, ruka, kile kibanda ni cha kuigiza na biashara imezidi pale.

Jumatatu msikae bure. Topographie des Terrors iko wazi kila siku na ni bure, imejengwa palipokuwa na ofisi za Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Makumbusho ya Humboldt Forum yanafungwa Jumanne sio Jumatatu, ndani ndiko kuna mali nyingi za Afrika zilizochukuliwa enzi za ukoloni. Yale mawe 2,711 ya kumbukumbu ya Wayahudi yako karibu na geti la Brandenburg, unapita katikati wakati wowote. Naomba tu msikae juu yake kupiga picha.

Usafiri, kateni tiketi ya saa 24 ya kanda AB, basi namba 100 ni ya kawaida ila inapita bungeni, getini na kisiwani, huna haja ya yale mabasi ya watalii. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kile kiboksi kabla ya kupanda, wakaguzi huvaa nguo za kawaida na faini ni euro 60. Uwanja wa ndege uko kanda C, Jumatatu usiku kateni ABC. Sachsenhausen pia ABC. Na maduka Jumapili yamefungwa karibu yote, zawadi za watoto nunueni Jumamosi.

Mpingo

Mwalimu nina ombi. Ukifika kwa mjusi soma maelezo yote yaliyobandikwa, angalia wamemtaja Boheti wapi na kwa maneno gani, wale wabebaji wametajwa au hawakutajwa, alafu upige picha kila bango utuwekee humu. Kuna watu tunaandaa barua na tunahitaji hayo maandishi kama yalivyo sasa.