Ushauri: Mume ni Campbell, DNA inasema MacGregor. Tumwambie baba mkwe?

MamaTatu: Wakuu habari. Niko Glasgow, nimeolewa na Mskoti wa ukoo wa Campbell. Hawa watu kwa majina ya ukoo usiwaguse: siku ya harusi baba mkwe alikagua mikunjo ya kilti (ile sketi ya kiume ya Kiskoti) ya mume wangu kama afande wa gwaride. Sasa mawifi wamemzawadia mume kipimo cha DNA, kile cha kromosomu Y kinachofuata mstari wa baba, alama 37 (yaani sehemu 37 za kromosomu hiyo zinazolinganishwa). Majibu yametoka. Kwenye orodha ya wanaofanana naye hakuna Campbell hata mmoja, MacGregor, ukoo mwingine kabisa, ndio wamejaa. Mume kanywea, anaamini bibi yake alichepuka. Baba mkwe ni mtu mzima, ana presha, na hajui lolote. Tumwambie au tufunike kombe?

Kobe Mtaratibu: Mwanaharamu apite 😂 Ila mbona lawama zote kwa bibi? Mama mkwe mmemruka?

Babu Nyaraka: Acheni kuwasingizia wanawake wa watu. Mwaka 1603, baada ya mapigano ya Glen Fruin, Mfalme James VI wa Uskoti alipiga marufuku jina la MacGregor, na kulitumia kukawa kosa la kunyongwa. Wenyewe wakajiita Campbell, Murray, Grant, Drummond, ilimradi waishi. Marufuku ikaondolewa 1661, ikarudi 1693, ikafutwa kabisa 1774. Hata Rob Roy MacGregor, yule jambazi mashuhuri wa Uskoti, alijiita Campbell, jina la mama yake. Sasa mtu aliyezaliwa na babu wa aina hiyo, kipimo kitasema nini?

Nesi wa Zamu: Historia tamu, Babu, lakini hujathibitisha kitu. Alama 37 hazitofautishi babu wa juzi na babu wa miaka 400 iliyopita. Dada, tafuteni Campbell mwanaume aliyetokana na ndugu wa kiume wa babu yake mume, naye apime. Akitoka MacGregor, jina lilibadilika kabla ya huyo babu, bibi na mama mkwe wote wamesalimika. Akitoka tofauti, hapo ndipo mkae kikao.

Babu Nyaraka: Nakubali. Wakati mnasubiri, ingieni ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za serikali ya Uskoti. Usajili wa vizazi kiserikali ulianza 1855, na cheti cha ndoa kinataja wazazi wa pande zote mbili. Mkikuta nafasi ya baba iko wazi, tafuteni kumbukumbu za wazee wa kanisa la parokia. Binti aliyezaa nje ya ndoa walimweka kitako mpaka amtaje mhusika.

MamaTatu: Asanteni sana. Yupo mzee mmoja Perth, baba yake na babu wa mume ni tumbo moja. Tumwambie tu ni mambo ya kujifurahisha?

Nesi wa Zamu: Hapana. Mwelezeni kwamba majibu yanaweza kugusa ndoa za wazee wake, aamue mwenyewe. Baba mkwe msubiri majibu hayo kwanza, msimpandishie presha kwa kitu ambacho hata nyie hamjakijua.

Kobe Mtaratibu: Na kilti ya MacGregor ni nyekundu, anzeni kudunduliza.