Asclepias tuberosa haijachipua: je, imekufa?

Swali: Ndugu watunza bustani, naomba ushauri. Mwaka jana nilipanda Asclepias tuberosa, ua la mwituni la Amerika Kaskazini lenye rangi ya chungwa, mahali panapopigwa na jua kutwa, lakini mpaka sasa, ilhali mimea mingine imekwisha kuchanua, sioni hata jani moja. Je, niing'oe?

Jibu la kwanza: Tafadhali usiing'oe. Mmea huu huchelewa kuamka, na mzizi wake mkuu, ambao hushuka chini sana, ukikatika ni vigumu kupona. Fukua taratibu kwa kidole. Ukikuta kichwa cha mzizi ni kigumu, basi uko hai. Kinachouua hasa ni maji yanayotuama wakati wa baridi, wala si ukame.

Jibu la pili: Naafiki kabisa. Mimi huacha mabua makavu yasimame ili nisisahau ulipo. Ukitaka mingine, weka mbegu kwenye mchanga wenye unyevunyevu ndani ya friji kwa siku 30 hivi kabla ya kuzipanda.

Muulizaji: Nashukuruni sana. Nimefukua asubuhi hii, nikaona ncha mbili, fupi kuliko ukucha.