1 Samweli 15 na mtoto anyonyaye: amri ile inateteeka?

Mwanzisha mada: Wadau, tuache kuzunguka. 1 Samweli 15:3 inamtaka Sauli, mfalme wa Israeli, awaue Waamaleki wote: mwanamume, mwanamke, "mtoto na anyonyaye", kisha mifugo. Sababu iko mstari mmoja juu: Amaleki alimshambulia Israeli njiani alipotoka Misri. Hayo ni ya Kutoka 17, vizazi vingi kabla ya Sauli. Nayo Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza watoto kuuawa kwa makosa ya baba zao. Anayeitetea amri hii aanze na mtoto aliye mgongoni, majeshi yatafuata.

Mchangiaji wa pili: Ndugu, 24:16 inawafunga mahakimu wa kibinadamu. Hawakutoa uhai, hawawezi kuuchukua wapendavyo. Mungu ndiye mwenyewe. Augustino, mwanateolojia wa kanisa la kale, alishikilia hapo: vita aliyoiamuru Mungu haiwezi kuwa dhuluma. Na kuna subira, Mwanzo 15 inataja miaka 400 kwa kuwa uovu wa Waamori, wenyeji wa Kanaani, ulikuwa haujatimia.

Mwanzisha mada: Waamori si Waamaleki, mkuu. Na upanga umeshikwa na askari, si na Mungu. Mwanafalsafa Kant aliliona hili mwaka 1798 kuhusu Abrahamu: kwamba hapaswi kumuua mwanawe ni hakika, kwamba sauti ile ni ya Mungu si hakika. Sauli hata sauti hakuisikia, aliambiwa na nabii Samweli.

Mchangiaji wa tatu: Mnabishana kana kwamba Waamaleki waliisha. 15:8 inasema watu wote waliangamizwa. Sura ya 27 Daudi anawavamia tena, haachi mwanamume wala mwanamke. Sura ya 30 hao hao wanachoma Siklagi, mji wa Daudi, na vijana 400 wanatoroka kwa ngamia! Ndivyo wafalme wa enzi hizo walivyotangaza ushindi. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 KK, lililopatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868, linadai Israeli imeangamia milele, na kwamba aliua watu 7,000 wa mji wa Nebo akiwaweka wakfu kwa mungu wake. Kitenzi chake kina shina lile lile la neno la Kiebrania herem, shina moja na "haramu" yetu: kitu kilichotengwa, mtu asikiguse.

Mchangiaji wa nne: Kusema wafalme walitia chumvi kunaokoa historia, amri inabaki pale pale. Sauli alimbakiza Agagi, mfalme wa Waamaleki, na mifugo iliyonona, akapoteza ufalme. Kama "angamiza kabisa" ni namna ya kusema tu, kosa lake lilikuwa lipi? Mimi naona marabi walitafuta njia ya kweli zaidi. Mishna, mkusanyo wa sheria zao za mapokeo, inasema Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alikwisha kuyachanganya mataifa, yaani nani ni wa taifa lipi haijulikani tena, na Maimonides, rabi wa karne ya 12, akataka hata Amaleki atangaziwe amani kwanza. Mstari waliuacha, upanga wakaufunga.

Mchangiaji wa pili: Namheshimu Maimonides, ila sura yenyewe haina sharti hilo. Chenye uzito zaidi ni mstari wa 6: Sauli anawaonya Wakeni, kabila lililoishi kati ya Waamaleki, waondoke, kwa sababu waliwatendea Israeli wema. Kwa hiyo hukumu ilichagua, haikuwa kufyeka ovyo.

Mwanzisha mada: Ilichagua kwa kabila. Mkeni mwovu aliondoka salama kwa wema wa babu zake. Mama wa Kiamaleki mwenye mtoto mgongoni angejiunga na msafara ule, angepokewa? Nimeisoma sura nzima, mlango huo haumo.